Saratani ya Mapafu Ikishafika Ubongoni: Je, Bado Kuna Tiba?

SWALI: Mama yangu ana miaka 61 na hajawahi kuvuta sigara. Mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya mapafu ya aina ya adenokasinoma, akapewa tibakemikali, na vipimo vya kifua vikaonyesha kwamba uvimbe umepungua sana. Wiki tatu zilizopita alianza kuumwa kichwa kila asubuhi, akawa anatapika na kuyumba anapotembea. MRI imeonyesha vinundu vinne kwenye ubongo, na kikubwa kina milimita 18. Amepewa deksamethasoni, maumivu yamepungua lakini sukari imepanda na usiku halali kabisa. Daktari mmoja amependekeza mionzi ya kichwa kizima, mwingine ametaja mionzi ya kulenga vinundu peke yake. Ndugu zetu wanasema saratani ikishapanda kichwani hakuna tena tiba, na kwamba akipigwa mionzi atapoteza akili, kwa hiyo tumwache apumzike. Inawezekanaje dawa ifanye kazi kifuani halafu kichwani ishindwe? Na sisi tufuate njia ipi?

JIBU: Pole sana wewe na familia nzima. Mambo unayouliza yamefungamana, nami nitayajibu moja baada ya jingine, lakini naomba nitangulize lile lisilofaa kusubiri. Kabla hamjakubaliana juu ya mionzi ya aina yoyote, muulizeni daktari wa saratani iwapo kinyama kilichotolewa kwenye pafu la mama kilipimwa mabadiliko ya jeni, na kama kilipimwa, majibu yalisemaje. Hukulitaja jambo hilo katika swali lako, na kwa mwanamke mwenye adenokasinoma ambaye hajawahi kuvuta sigara, majibu ya kipimo hicho yanaweza kubadilisha mpango wote wa matibabu.

Vinundu vilivyoonekana kwenye MRI si saratani nyingine iliyozuka juu ya ile ya kwanza. Ni seli zilezile za saratani ya mapafu zilizosafiri kwa njia ya damu, zikanasa kwenye mishipa midogo ya ubongo na kuota huko. Mapafu yana njia fupi ya kufika kichwani: damu inayotoka humo huingia upande wa kushoto wa moyo na kusukumwa papo hapo kwenda mwilini, na karibu asilimia 15 ya damu hiyo huelekea ubongoni. Kwa sababu seli ni zilezile, dawa tunazozifikiria ni za saratani ya mapafu, wala si zile za uvimbe ulioanzia kwenye ubongo wenyewe, ambao ni ugonjwa mwingine kabisa.

Kwa nini basi tibakemikali ilipunguza uvimbe wa kifuani ikashindwa na seli za kichwani? Mishipa midogo ya damu ya ubongo haifanani na ya sehemu nyingine za mwili. Seli zinazounda kuta zake zimebanana kiasi cha kutoacha upenyo kati yake, na isitoshe zina pampu ndogondogo za protini zinazozitambua kemikali nyingi ngeni na kuzirudisha kwenye damu kabla hazijapenya. Kizuizi hiki huulinda ubongo dhidi ya sumu na vijidudu, lakini hakibagui: dawa nyingi za saratani nazo hurudishwa mlangoni. Wakati uvimbe wa kifuani ulipokuwa ukipata dawa ya kutosha, inaelekea seli chache zilizokuwa zimekwisha kujificha ubongoni zilipata kiasi kidogo tu, zikaendelea kukua polepole hadi zikaonekana. Hali hii hutokea mara nyingi, hata kwa wagonjwa waliotibiwa vizuri na waliofuata kila agizo. Msimlaumu mama wala msijilaumu.

Kinundu kinapokua, mishipa yake mipya huwa dhaifu na kizuizi huanza kuvuja. Maji hutoka kwenye damu na kujaa kuzunguka kinundu, na kwa kuwa fuvu la kichwa halitanuki, presha ndani yake hupanda. Presha hiyo huongezeka zaidi mtu akiwa amelala, na ndiyo maana mama alikuwa akiamka na maumivu na kutapika. Kuyumba kwake kunanifanya nishuku kwamba angalau kinundu kimoja kiko kwenye ubongo wa nyuma, karibu na kisogo, mahali panaposimamia mizani ya mwili. Mwulize daktari kuhusu hili waziwazi, kwa sababu nafasi ya huko ni finyu na hata uvimbe usio mkubwa unaweza kuziba njia ya maji ya ubongo, jambo ambalo huwa la dharura.

Sasa nizungumzie deksamethasoni, kwa kuwa ndiyo inayomsumbua mama leo. Dawa hii haiui saratani. Kazi yake ni kupunguza ule uvujaji wa maji, na mara nyingi nafuu huonekana ndani ya siku moja au mbili, kama mlivyoona wenyewe. Sukari kupanda na kukosa usingizi ni madhara yake ya kawaida, na yote mawili yana la kufanywa. Dozi isitolewe jioni. Ikitolewa asubuhi peke yake, au asubuhi na mchana, wagonjwa wengi hupata usingizi tena. Ale kwanza ndipo ameze, na daktari aamue kama anahitaji pia dawa ya kulinda tumbo. Sukari ipimwe kila siku, na ipimwe hasa alasiri na jioni, kwa sababu dozi ya asubuhi hupandisha zaidi sukari ya baada ya mchana kuliko ile ya alfajiri. Familia nyingi hupima alfajiri tu na kuamini kwamba mambo ni shwari. Mtazameni mama anapoinuka kutoka kwenye kiti. Akianza kujisukuma kwa mikono ilhali zamani alikuwa akisimama bila shida, huenda misuli ya mapaja imeanza kudhoofishwa na dawa. Mwangalieni na ulimi: utando mweupe unaoacha wekundu ukifutwa ni fangasi, na hutibika kwa urahisi. Lengo la daktari liwe kushusha dozi hadi kiwango cha chini kabisa kinachotosha, hasa baada ya mionzi au dawa nyingine kuanza kufanya kazi, lakini msiikatishe ghafla kwa sababu ya sukari. Mwili unaopokea steroidi (kundi la dawa ambamo deksamethasoni imo) kutoka nje huacha kutengeneza ya kwake, na kuikata siku moja kunaweza kumwangusha mgonjwa vibaya. Kama hajawahi kupata kifafa, hana haja ya dawa za kifafa za kujikinga. Akipata, mwombeni daktari achague dawa isiyogongana na dawa za saratani. Levetirasetamu hutumiwa mara nyingi kwa sababu hiyo, ilhali fenitoini na kabamazepini huchochea ini kuvunja haraka dawa nyingi za saratani.

Nirudi kwenye kipimo cha jeni, maana hapo ndipo ninapoweka uzito wangu. Saratani nyingine za mapafu huendeshwa na kasoro moja mahususi ndani ya seli, kama swichi iliyokwama ikiwa imewashwa. Kasoro zinazojulikana zaidi ni za jeni EGFR na ALK, nazo hupatikana zaidi kwa watu wasiovuta sigara, hasa wenye adenokasinoma. Zipo dawa za vidonge zinazoizima swichi hiyo, na zile za kizazi cha karibuni zilichaguliwa, pamoja na mambo mengine, kwa uwezo wake wa kupenya kile kizuizi cha ubongo. Osimertinibu ni mojawapo kwa wenye kasoro ya EGFR. Alektinibu na lorlatinibu ni kwa wenye ALK. Katika utafiti mkubwa wa lorlatinibu ambao matokeo yake ya miaka 5 yalitolewa mwaka 2024, asilimia 60 ya waliopewa dawa hiyo walikuwa bado hai bila ugonjwa wao kusonga mbele, ikilinganishwa na asilimia 8 ya waliopewa dawa ya zamani zaidi, krizotinibu. Takwimu za namna hiyo kwa saratani ya mapafu iliyosambaa hazikuwa za kufikirika miaka 20 iliyopita.

Siwezi kusema kwamba mama anayo kasoro hiyo. Wengi hawana, na ALK ni nadra kuliko EGFR. Ninachosema ni kwamba haifai kumwekea mtu mwenye sifa kama zake mpango wa kichwa kizima bila kwanza kujua. Kama kinyama cha awali kimekwisha, damu inaweza kupimwa ili kutafuta vipande vya jeni za uvimbe. Jibu likionyesha kasoro huaminika, lakini likitoka tupu halimaanishi kwamba kasoro haipo. Akiwa nayo, baadhi ya madaktari huanza na vidonge na kuahirisha mionzi huku wakifuatilia kwa MRI za karibukaribu, na wengine hulenga vinundu kwa mionzi kwanza ndipo waanze vidonge. Wataalamu hawajakubaliana wote juu ya hili. Kwa mgonjwa mwenye dalili kama za mama, mimi huelekea zaidi upande wa kuvilenga vinundu mapema, hasa vile vinavyosababisha dalili, badala ya kusubiri kuona kama vidonge vitatosha. Akiwa hana kasoro yoyote, kuna dawa zinazoiamsha kinga ya mwili ipigane na saratani, nazo huweza kupunguza vinundu vya ubongoni kwa baadhi ya wagonjwa; dozi kubwa ya steroidi inaweza kudhoofisha kazi yake, na hiyo ni sababu nyingine ya kuishusha deksamethasoni mapema inapowezekana.

Kuhusu mionzi, madaktari wenu wawili hawapingani kama inavyoonekana. Wanazungumzia zana mbili tofauti. Mionzi ya kulenga hupeleka miale mingi myembamba kutoka pande nyingi, ambayo hukutana kwenye kinundu. Kila mwale peke yake ni hafifu, kwa hiyo ubongo unaopitiwa huumia kidogo, lakini pale inapokutana dozi huwa kubwa sana. Wazo hili lilianzishwa na Lars Leksell, daktari wa upasuaji wa ubongo wa Uswidi, mwaka 1951, na leo hufanywa kwa mashine za aina kadhaa. Mgonjwa hafanyiwi upasuaji. Wavu wa plastiki hulainishwa kwenye maji moto, ukalazwa usoni ukiwa vuguvugu na kuachwa ugande kwa umbo la uso wake. Siku ya tiba kinyago hicho hufungwa kwenye meza ili kichwa kisisogee hata milimita moja. Kina matundu, mtu anapumua vizuri, na miale yenyewe haina maumivu. Kama mama anaogopa kufungiwa uso, awaambie mapema, kwa sababu ipo dawa ya kumtuliza. Kwa kawaida kazi hukamilika kwa kipindi kimoja, au vichache kama kinundu ni kikubwa.

Zamani njia hii ilitengewa wagonjwa wenye kinundu kimoja hadi vitatu. Mwaka 2014 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya wagonjwa 1,194 waliotibiwa kwa mionzi ya kulenga peke yake, na waliokuwa na vinundu vitano hadi kumi hawakuishi muda mfupi kuliko waliokuwa na viwili hadi vinne. Vinundu vinne, kikubwa kikiwa cha milimita 18, viko ndani ya uwezo wa mionzi ya kulenga bila wasiwasi, mradi kusiwe na dalili kwamba saratani imeenea pia kwenye utando na maji yanayouzunguka ubongo.

Mionzi ya kichwa kizima hutolewa mara nyingi kwa jumla ya grei 30 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) katika vipindi 10, na faida yake ni kwamba hugusa hata mbegu ambazo MRI haijaziona. Ndugu zenu hawajakosea kabisa wanaposema kwamba inagusa akili, ingawa neno "kupoteza" ni kali mno. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2016 uliwalinganisha watu wenye kinundu kimoja hadi vitatu: miezi mitatu baada ya tiba, uwezo wa kukumbuka na kufikiri ulikuwa umeshuka kwa asilimia 64 ya waliolengwa vinundu peke yake, na kwa asilimia 92 ya walioongezewa mionzi ya kichwa kizima. Muda wa kuishi haukurefuka kwa nyongeza hiyo. Kwa hiyo, kwa hali unayoieleza, mimi ningeegemea upande wa daktari wa pili. Daktari wa kwanza anaweza kuwa na sababu ambayo hukuelezwa: labda vinundu ni vingi kuliko vinne kwenye picha mpya, au mashine ya kulenga haipatikani karibu. Mwulizeni kwa heshima. Ikibidi kichwa kizima, mwulizeni pia kuhusu kuiepusha hipokampasi, sehemu ndogo ya ubongo inayotunza kumbukumbu, pamoja na dawa iitwayo memantini. Utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kuviunganisha hivyo viwili hupunguza madhara kwa kumbukumbu. Na kwa yeyote nyumbani anayehofia kumkaribia, mionzi hii haibaki mwilini. Wajukuu wanaweza kumkumbatia jioni ileile.

Mionzi ya kulenga nayo ina gharama yake. Kwa kuwa haigusi sehemu iliyobaki ya ubongo, vinundu vipya vinaweza kujitokeza kwingine, na ndiyo sababu MRI hurudiwa kila baada ya miezi miwili au mitatu. Pia, miezi kadhaa au hata zaidi ya mwaka baadaye, mahali palipotibiwa panaweza kuvimba kwa sababu ya tishu iliyokufa, na kwenye picha pakafanana sana na saratani iliyorudi. Mkiambiwa siku moja kwamba kinundu kimekua tena, ulizeni kwanza kama inaweza kuwa ni kidonda cha mionzi, kwa maana matibabu yake ni tofauti.

Upasuaji huwa na nafasi yake kinundu kikiwa kimoja na kikubwa, kikibana mahali pa hatari, au pale ambapo hakuna uhakika kwamba ni saratani. Kwa vinundu vinne vidogo kwa kawaida si chaguo la kwanza, isipokuwa kama kile cha kisogoni kinaziba njia ya maji.

Sasa kauli ya kwamba hakuna tena tiba. Ukweli ni kwamba saratani ya mapafu iliyofika ubongoni, kwa wagonjwa walio wengi, haitibiki ikaisha kabisa, na daktari anayewaahidi hivyo anawapotosha. Lakini kati ya kuponya na kuacha kuna nafasi pana. Uchambuzi wa mwaka 2017 wa wagonjwa zaidi ya 2,000 wa saratani ya mapafu iliyofika ubongoni ulionyesha kwamba nusu yao waliishi zaidi ya miezi 12, na katika kundi la wenye adenokasinoma waliokuwa na hali nzuri zaidi, nusu waliishi karibu miaka minne au zaidi. Vilivyotofautisha makundi vilikuwa umri, nguvu za mgonjwa, idadi ya vinundu, kama saratani imeenea kwingine nje ya kifua na kichwa, na kuwapo kwa kasoro za EGFR au ALK. Mama ana mambo kadhaa ya kumtia moyo katika orodha hiyo, ingawa sehemu nyingine za mwili, ambazo zinahitaji kupigwa picha upya, nazo huhesabiwa.

Hata hivyo siwabezi ndugu zenu. Yapo mazingira ambamo kuacha mionzi ni uamuzi sahihi wa kitabibu. Utafiti uliofanyika Uingereza na Australia, ukachapishwa mwaka 2016, uliwahusisha wagonjwa 538 wa saratani ya mapafu ambao hawakufaa kwa upasuaji wala mionzi ya kulenga, wengi wao wakiwa dhaifu. Waliopewa mionzi ya kichwa kizima na waliopewa deksamethasoni na uangalizi mzuri peke yake hawakutofautiana kwa maana yoyote, si kwa muda wa kuishi wala kwa ubora wa maisha. Kama mama angekuwa hatoki kitandani na saratani imeshika kila mahali, ningewaambia jambo jingine kabisa. Mtu aliye wima, ambaye kifua chake kimetulia na anayesumbuliwa zaidi na dawa ya uvimbe kuliko na ugonjwa wenyewe, hajafika huko.

Kuna jambo moja nililolikosa katika barua yako. Nimesikia maoni ya madaktari wawili na ya ndugu, lakini sijasikia mama mwenyewe anataka nini. Je, ameambiwa majibu ya MRI? Ana akili timamu, na mwili ni wake. Mkalisheni pale anapokuwa ametulia, saa za asubuhi, mumwulize anajua nini, anaogopa nini, na ni jambo gani asingekubali kulipoteza ili kupata muda zaidi. Wapo watakaosema kumbukumbu, wapo watakaosema kutembea wenyewe hadi chooni, na majibu hayo humsaidia daktari kuchagua. Ombeni pia timu ya tiba shufaa imwone sasa, wakati matibabu mengine yakiendelea. Tiba shufaa haimaanishi kwamba mmekata tamaa. Kazi yake ni maumivu, kichefuchefu, usingizi na hofu, na ikianza mapema husaidia zaidi. Mofini, ikitolewa kwa kipimo sahihi, haimwui mgonjwa. Na kama kuna mtu anampa mitishamba, mwambieni daktari bila aibu, kwa sababu baadhi yake hugongana na vidonge vya saratani.

Mkienda kutafuta maoni ya pili, bebeni picha zenyewe za MRI kwenye diski pamoja na taarifa yake, majibu ya kinyama, orodha ya dawa na dozi zake. Ombeni kesi ijadiliwe na daktari wa saratani, wa mionzi na wa upasuaji wa ubongo wakiwa pamoja, ikiwezekana, ndani ya siku chache na si wiki nyingi.

Wakati mnasubiri, asiachwe kupanda ngazi peke yake wala kuendesha gari. Mpelekeni hospitali mara moja, hata usiku, akipata kifafa cha mara ya kwanza au kinachozidi dakika tano, akisinzia kiasi cha kuamshwa kwa shida, akichanganyikiwa, akipooza upande mmoja, akipata maumivu makali ya kichwa ya ghafla, au akitapika hadi akashindwa kuhifadhi tembe za deksamethasoni tumboni. Mfanye vivyo hivyo akipata homa, kwa kuwa steroidi huweza kuficha maambukizi makubwa nyuma ya joto dogo tu. Na akianza kulalamika maumivu mapya ya mgongo pamoja na miguu kulegea au mkojo kugoma kutoka, msidhani ni uchovu wa kulala, kwani huenda uti wa mgongo unabanwa, na hapo kila saa inayopita kabla ya kuonwa na daktari ina uzito kwa miguu yake.